Patron mumoja, luga mbili, malipo mbalimbali

Ndugu wachimbaji, tukisikia Marekani tunafikiri kila mutu kule anasema Kingereza. Haiko vile. Mamilioni ya watu wenye asili ya Mexico, Puerto Rico na Cuba wanasema Kihispania kunyumba, na wako na televisheni yao.

Ilianzia San Antonio, Texas, mwaka 1955. Raoul Cortez, mzaliwa wa Mexico aliyekuwa tayari na redio, akafungua KCOR-TV. Shida ni kwamba televisheni nyingi za wakati ule hazikuweza kushika kanali yake bila kuongezewa kamashine. Mu 1961 akaiuzisha. Wanunuzi wakajenga mtandao ambao tangu 1987 unaitwa Univision. Mwaka uleule mtandao mwingine ukachukua jina la Telemundo. Mu 2002 ukanunuliwa na NBC, televisheni kubwa ya Kingereza.

Hapo njo sisi wa sendika tunafungua masikio. Patron akawa mumoja, lakini waigizaji wa NBC walikuwa na mkataba wa sendika. Wale wa Telemundo hapana. Hawa ndio wanacheza telenovela, zile hadithi za mfululizo ambazo bamama huku wanaangalia kwa Kifaransa. Walilalamika kwamba bima ya matunzo, pensheni, na malipo wakati kipindi kinarudiliwa, wenzao wa Kingereza wanapata, wao wanakosa.

Hawakuomba wahamishwe kwa Kingereza. Mu 2017 walipiga kura, wakaingia SAG-AFTRA, sendika ya waigizaji. Mu 2018 wakapata mkataba wao wa kwanza.

Sisi mu migodi ile mambo tunaijua. Watu wawili wanashuka mu shimo moja, wanameza vumbi moja. Mumoja ni wa kampuni, mwingine ni wa sous-traitance. Mutoto wa wa kwanza akigonjwa, anapokelewa ku hospitali. Baba wa wa pili anatafuta deni. Tukiuliza, tunajibiwa: "Patron wenu ni mwingine."

Basi tufanye kama wale waigizaji. Tukae pamoja, wa kampuni na wa sous-traitance, tuweke mikataba yetu pembeni-pembeni. Tuandike tofauti: mushahara, hospitali, pensheni, viatu na kofia. Karatasi ile tumupelekee délégué, na kila mumoja aweke sahihi. Mutu mumoja akilalamika, wanamufukuza. Wote wakiandika, patron atalazimika kukaa nasi ku meza.