Gari inayolia asubuhi ya baridi si lazima iwe mbovu

Msimu wa baridi ukiingia, familia zetu nyingi za Muskati hupanda Jabal Akhdar mwisho wa wiki. Kule Saiq, kiasi cha mita 2,000 juu ya bahari, usiku wa Januari baridi hukaribia sifuri. Na polisi pale Birkat al Mawz hawakuruhusu kupanda ila gari yako iwe inavuta kwa magurudumu yote manne.

Msimu uliopita tulikwenda na pikapu mbili, yangu na ya kijana wangu. Alfajiri natoka kwenda kuswali, yangu ikawa inalia mbele, kwii kwii, kila nikivuka tuta. Kijana akacheka: "Baba, gari yako imezeeka, imeanza kulalamika." Yake ilikuwa kimya kabisa. Jua lilipopanda, na yangu ikanyamaza.

Tuliporudi Muskati, gereji ya kwanza ikanambia nibadilishe shokomzoba zote nne. Bei yake ilinitoa jasho. Nikaenda kwa fundi mwengine, kijana wa kwetu, akataka gari ilale pale aitizame asubuhi kabla haijapata moto. Alirashia maji bushi za stabilaiza, ule mkono wa chuma unaozuia gari kulala upande kwenye kona, kisha akaitikisa. Kimya! "Ami, shokomzoba zako nzima. Huu mpira ndo uliokauka." Bushi mbili, kazi ikesha.

Kisha akainama chini ya gari ya kijana. Shokomzoba za nyuma zimechuruzika mafuta, na matairi yamelika mabonde mabonde. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Ile tuliyoisifu ndiyo tuliyoshuka nayo mlima, na wajukuu ndani.

Kwa nini baridi hutoa sauti

Mpira ukipata baridi hukakamaa, na mafuta ya ndani ya shokomzoba huwa mazito. Kwa hivyo gari hulia au huwa ngumu dakika za mwanzo, halafu hutulia. Joto letu la kiangazi ndilo linalokausha mpira. Baridi hufichua siri tu. Sauti ya kukwaruza nyuma ya pikapu mara nyingi ni vyuma vya springi vinasuguana kwa vumbi na ukavu.

Lakini sauti ya kugonga, ko ko ko, isiyokwisha hata gari ikipata moto, hiyo si ya kungoja. Huenda ikawa bushi imekatika, boljointi imelegea, au nati ya shokomzoba haikukazwa. Boljointi ikichomoka, gurudumu halina tena wa kulishika.

Lini kubadilisha

Makampuni mengi ya vipuri hutaja kilomita 80,000. Gari inayopita njia za mawe au kubeba mizigo haifiki huko. Hata hivyo, tizama dalili kuliko hesabu:

- Mafuta yanachuruzika. Unyevu mwembamba tu si neno.
- Ukifunga breki, pua ya gari inazama sana.
- Ukivuka tuta, gari inaendelea kudunda badala ya kutulia.
- Tairi linalika kwa mabonde.

Kuna na jaribio la mafundi wa zamani. Baada ya njia mbovu ndefu, simamisha gari, sogeza mkono karibu na kila shokomzoba, usiishike, inaweza kuunguza. Iliyofanya kazi itakuwa moto. Iliyobaki baridi peke yake imekufa.

Badilisha mbili mbili, za mbele pamoja au za nyuma pamoja, ili gari isivute upande. Mwambie fundi boliti za bushi azikaze mwisho gari ikiwa imekanyaga chini. Zikikazwa magurudumu yananing'inia, mpira hujipinda na kuchanika mapema. Na usipake grisi ya kawaida kwenye mpira, huula. Tumia ya silikoni.

Kijana wangu alibadilisha zake wiki ile ile. Sasa kabla hatujapanda mlima, yeye ndiye anayeinama mwanzo chini ya gari, na tochi mkononi. Hanicheki tena.