Wekundu uliojificha chini ya siti

Ukitaka kujua rangi halisi ya pikipiki ya Boxer iliyokula miaka sita Bariadi, usiangalie tanki. Fungua siti, chomoa kava la pembeni, tazama ukingo wa upana wa kidole uliokuwa umefunikwa. Hapo utakuta wekundu wa dukani. Kwingine kote pamepauka kama kanga iliyosahaulika kambani.

"Kaka, hii si ilikuwa nyekundu?" Abiria alimwuliza hivyo jirani yangu, dereva wa bodaboda, kisha akapanda ya mwenzake. Jumapili iliyofuata jirani akanunua kopo la rangi ya kupuliza.

Mwizi wa rangi hiyo ni jua. Bariadi iko karibu nyuzi 3 kusini mwa ikweta, zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na kijiweni pikipiki hushinda bila kivuli. Miali ya urujuanimno huvunja chembechembe za rangi, na nyekundu ni miongoni mwa zinazowahi kuchoka. Kitambaa kikavu kinachofuta vumbi kila asubuhi humalizia kazi.

Kabla ya kununua chochote, lowesha kava kwa maji. Rangi ikirudi wakati pameloa, kilichochoka ni ngozi ya juu tu. Polishi inaweza kutosha. Ikibaki imepauka vilevile, ndipo upake.

Jirani yangu hakupima wala hakukwaruza. Alipuliza, ikang'aa, akasifiwa kijiweni. Wiki ya tatu rangi ikaanza kubanduka kama ganda la kitunguu, pale goti linapogusa kava.

Mara ya pili tulianza upande wa ndani wa kava, ambako mara nyingi kiwanda huandika aina ya plastiki. Ukikuta ABS, rangi hushika bila taabu kubwa. Ukikuta PP, plastiki hiyo ina utelezi wa asili. Bila praima maalumu ya plastiki unajisumbua. Tuliosha kwa sabuni mara mbili, maana mabaki ya polishi yenye silikoni huifanya rangi mpya ijikunje na kuacha vishimo. Kisha msasa namba 600, kwa maji, mpaka mng'ao wote ukafa. Mababu walilainishia mbao kwa majani makavu ya mti uitwao msasa. Karatasi ya dukani imerithi jina na kazi. Kwenye kuosha na kupiga msasa ndiko siku mbili zilikokwenda. Kupuliza kulichukua asubuhi moja.

Asubuhi hiyo nayo huchaguliwa. Kiangazi upepo huamka na vumbi, kwa hiyo tulianza mapema, uani pamemwagiwa maji na kuku wamefungiwa. Ukipuliza jua la utosi, rangi hukauka hewani na kutua kama unga. Ukipuliza kukiwa na unyevu wa mvua, huota ukungu mweupe. Kopo likae sentimita 20 hadi 25 kutoka kwenye kava, mkono usisimame, na tabaka ziwe nyembamba: tatu au nne, ukipumzika dakika 10 hadi 15 kati yake. Jiko la mkaa liwe mbali, na watoto pia.

Tanki tulimwachia fundi. Petroli ikidondoka huyeyusha rangi ya kopo la kawaida. Tanki linataka klia, rangi angavu ya juu, ya kuchanganywa na hadina ya kuigandisha, na mvuke wake hudhuru mapafu. Kitambaa puani hakiuzuii. Fundi mwenye barakoa ya kichujio na nafasi ya hewa ndiye mwenye kazi hiyo.

Wapo wanaoona heri wageuze kabisa, nyekundu iwe bluu. Wakumbuke kuwa kadi ya pikipiki imeandikwa rangi. Ukiibadilisha, taarifa za TRA nazo zibadilishwe, la sivyo askari barabarani atakuwa na maswali na mnunuzi atakuwa na mashaka.

Jirani yangu alibaki na nyekundu. Alikwenda dukani na kava mkononi, akalinganisha makopo na ule ukingo wa chini ya siti mpaka akapata linalofanana. Siku ya kupuliza akaufunika kwa selotepu, nikadhani amekosea.

"Huo uache," akaniambia. "Siku nikiiuza, mtu afungue siti aone mwenyewe."