Ubainishaji wa Tofauti za Kiwandani katika Rivolva Kongwe: Silaha za Vita vya 1914–1918 katika Pwani ya Mtwara na Mto Ruvuma

Ukanda unaoanzia Likombe, katika Manispaa ya Mtwara-Mikindani, hadi mdomo wa Mto Ruvuma ulipitiwa na majeshi matatu katika Vita Vikuu vya Kwanza: la Wajerumani, waliokuwa na boma Mikindani tangu mwaka 1895, la Waingereza, waliotua Mikindani Septemba 1916, na la Wareno, waliotwaa Kionga Aprili 1916 na kuiteka Newala kwa muda mfupi baadaye mwaka huo. Kwa sababu hiyo, rivolva yenye kutu ikihusishwa na pwani hii huweza kudaiwa kuwa ya upande wowote kati ya hizo tatu. Makala haya yanaeleza namna alama za kiwandani zinavyoweza kuyapima madai hayo, na mahali zinapokoma kusema.

Rivolva ya Kijerumani ilikuwa na miundo miwili, M1879 na M1883, yote ya risasi sita zenye kipenyo cha takribani milimita 10.6. Mtutu wa M1879 ni takribani sentimita 18, na wa M1883 takribani 12. Hata hivyo, urefu huo haupaswi kuaminiwa peke yake, kwani mtutu mrefu huweza kukatwa. Mtafiti hutazama pia umbo la mpini, na kama kilengeo cha mbele kimechomelewa upya. Kisha hufuata chapa: taji, neno ERFURT na mwaka huonyesha kiwanda cha serikali, ilhali herufi za kampuni tatu za Suhl zilizoungana (Spangenberg & Sauer, Schilling na Haenel) huonyesha kazi ya watu binafsi. Tarakimu zilizogongwa kwenye vipande vidogo zisipooana na nambari ya fremu, silaha hiyo imewahi kubadilishwa vipande.

Kwa upande wa Uingereza, kosa la kawaida huhusu Webley Mk VI, iliyopitishwa Mei 1915. Mtutu wake ni wa inchi 6, lakini baadhi ya Mk V nazo zilipewa mitutu ya urefu huo. Kinachozitenganisha waziwazi ni mpini, ambao katika Mk VI una kitako cha mraba badala ya mviringo. Jambo zito zaidi ni chapa ya Enfield. Mk VI za vita zilitengenezwa na Webley & Scott, Birmingham; kiwanda cha Enfield kilianza kuziunda mwaka 1921. Rivolva yenye chapa hiyo, hata ikiambatana na simulizi nzuri kiasi gani, haikushuka Mikindani mwaka 1916.

Rivolva ya Kireno ya mfumo wa Abadie, iliyoundwa Liège, hutambulika kwa utendaji wake: mlango wa kupakilia ukifunguliwa, nyundo hutenganishwa na kifyatulio, na kila kivuto huzungusha silinda bila kufyatua. Utambuzi huu ni thabiti, ila hauthibitishi kwamba mshikaji wa mwisho alikuwa Mreno. Tarehe 25 Novemba 1917, kikosi cha Lettow-Vorbeck kilivuka Ruvuma, kikaishinda ngome ya Wareno huko Ngomano na kuteka silaha zake. Alama ya kiwanda, basi, huweza kukanusha dai la umiliki kwa nguvu kuliko inavyoweza kulithibitisha.

Hewa ya chumvi hula kwanza chapa zilizogongwa kwa kina kifupi. Msasa huzimaliza upesi zaidi, nao ndio ambao muuzaji hukimbilia ili chuma king'ae. Vipimo na picha vitangulie usafishaji wowote, baada ya silaha kukabidhiwa polisi na kuhakikishwa kuwa haina risasi, kwa kuwa Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 haiachi nafasi ya mtu kuihifadhi nyumbani bila kibali. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, kwa upande wake, hukihesabu kifaa kuwa masalia kikiwa kimetengenezwa kabla ya mwaka 1863. M1879 ya zamani kuliko zote imechelewa miaka 16.