Rupia ya Kijerumani: namba ni moja, bei ni mbili

Katika soko la sarafu za kale za Afrika Mashariki, rupia mbili za Kijerumani za mwaka mmoja, zilizopewa namba ileile na wapimaji wa ng'ambo, huweza kuuzwa kwa bei zinazopishana kwa mbali. Wauzaji wazoefu hawashangai. Kipimo cha 1 hadi 70 kinachotawala soko hilo kilibuniwa Marekani mwaka 1949 kwa ajili ya senti kubwa za shaba za nchi hiyo, na msingi wake ni uchakavu: picha imelika kiasi gani, mikwaruzo ni mingi kiasi gani. Mvuto wa sarafu machoni pa mnunuzi umo humo kidogo tu, na hicho kidogo kinategemea macho ya mpimaji wa siku hiyo.

Hapo ndipo kinyongo kinapoanzia. Mfanyabiashara mmoja wa Mji Mkongwe, Unguja, aliyeomba jina lake lihifadhiwe, anasema hasara yake kubwa haikuletwa na sarafu bandia wala na wateja wakopaji, bali na limau. Alinunua rupia ya kampuni ya Kijerumani, ile yenye mtawala aliyevaa kofia ya vita upande mmoja, na simba na mnazi upande wa pili. Familia iliyoimiliki ilikuwa imeisugua kwa limau na majivu usiku wa kuamkia siku ya kuileta dukani, ili impendeze mnunuzi. Naye, kwa haraka ya biashara, aliipeleka ng'ambo kwa wakala. Ilirudi ndani ya kasha la plastiki bila namba yoyote, ina maneno tu ya kusema imesafishwa. Ada ya upimaji, ya wakala na ya usafirishaji zilishalipwa. Mkononi alibaki na gramu 11.66 za madini ya fedha yenye usafi wa asilimia 91.7, bei ambayo sonara yeyote wa mtaani angempa bila kasha wala karatasi.

Anachokasirikia zaidi ni kile anachokiita ubaguzi. Wenzetu huko, anadai, wanachovya sarafu kwenye dawa na zinapita. Sisi tukigusa limau tunafungiwa mlango. Dai hilo haliwezi kutupwa lote. Kuchovya sarafu ya fedha kwenye dawa ya kuondoa weusi, kwa sekunde chache na kwa mkono wenye uzoefu, ni jambo la kawaida katika masoko makubwa, na baadhi ya makampuni yanayotoa namba yana vitengo vyao vya kusafisha sarafu kwa malipo. Anayehukumu usafi ndiye huyohuyo anayeuza huduma ya usafi. Wateja wa hapa, wanaolipa ada ileile, wana haki ya kuuliza mpaka uko wapi.

Hata hivyo limau na majivu ni habari nyingine. Ukiishika rupia ambayo haijasuguliwa chini ya taa moja na kuizungusha polepole, mwanga hukimbia juu yake kama spoki za gurudumu la baiskeli. Mwanga huo unatoka kwenye mistari midogo sana iliyoachwa na madini yalipotambaa chini ya shinikizo la mashine ya kuchapia. Majivu huikata mistari hiyo. Sarafu iliyosuguliwa inang'aa, tena kwa ukali, lakini mwanga wake umeganda mahali pamoja, na ukitazama kwa kioo cha kukuza utaona mikwaruzo mingi iliyolala upande mmoja, hasa pembeni mwa herufi ambako kitambaa kilikwama. Hakuna dawa inayorudisha kilichokatwa.

Kinyume chake ni rangi. Madini ya fedha yakikutana na salfa, iwe ya hewani au ya karatasi na bahasha za zamani, hujivika tabaka jembamba linaloanza kama dhahabu ukingoni, kisha zambarau, kisha buluu, na mwisho weusi. Watu wa kawaida huliita uchafu. Wakusanyaji hulipa ziada kwa hatua za katikati na kukimbia ile ya mwisho. Kwa kuwa ziada hiyo ni nono, wapo wanaoitengeneza rangi kwa moto, kwa kemikali, hata kwa kuifungia sarafu pamoja na yai la kuchemsha, ambalo hutoa salfa. Wauzaji waliohojiwa wanasema rangi ya kweli hupanda ngazi kwa ngazi, ya kughushi huruka. Lakini walewale wanakiri kuwa wamewahi kuuziwa.

Matundu nayo ni hesabu ya peke yake. Pwani nzima, sarafu za fedha zilitobolewa au kulehemiwa vishikizo zipate kuvaliwa kwenye mikufu, na nyingi zinazoletwa madukani leo zina alama hiyo. Kwa mpimaji, habari imeishia hapo. Kwa mnunuzi anayejali maisha ya sarafu, huenda ndiyo imeanza, ingawa hao ni wachache na hawalipi sana.

Mfano unaoonyesha vizuri jinsi namba inavyopwaya ni Tabora. Manowari za Uingereza zilipofunga njia ya baharini wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, Wajerumani walichapa sarafu zao wenyewe katika karakana ya reli ya mji huo mwaka 1916, kabla ya majeshi ya Kibelgiji kutoka Kongo kuuteka mwezi Septemba. Sarafu za heller 20, za shaba na za brasi, zilitoka zimepinda, zimekaa upande, nyingine herufi nusu. Kwa sarafu iliyochapwa Berlin hizo ni kasoro. Kwa ya Tabora ndicho kinachotafutwa. Dada yake wa dhahabu, rupia 15 yenye tembo na mlima nyuma yake, ilitengenezwa kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke, vipande zaidi kidogo ya 16,000. Kwa hiyo moja mnunuzi makini huanza na ukingo: nyingi ziligeuzwa vidani, na kovu la kishikizo hujificha hapo. Bandia zake pia si haba.

Soko lenyewe limeonyesha kutoziamini namba. Tangu mwaka 2007 kampuni moja ya Marekani hubandika stika kwenye makasha yaliyokwisha kupimwa na wengine, kuthibitisha kwamba sarafu za nchi hiyo zinastahili namba zilizopewa. Mpimaji amepata mpimaji wake, na mnunuzi analipia wote wawili.

Upande wa serikali, afisa mmoja anayefuatilia masuala ya sarafu anasisitiza kuwa sarafu za kumbukumbu ni akiba inayopanda thamani. Madukani picha ni tofauti. Sarafu za Tanzania za hifadhi ya wanyama za 1974, twiga kwenye shilingi 25 na kifaru kwenye shilingi 50, zilitunzwa vizuri tangu mwanzo, kwa hiyo namba nzuri haizitofautishi, na bei zake kwa kawaida hutembea karibu na bei ya madini. Afisa huyo hakuonyesha mauzo ya kuunga mkono kauli yake.

Mtazamo wa mbele hauna uhakika. Bei ya fedha ikipanda, rupia zilizochakaa na zilizotobolewa hupelekwa kwa sonara, na zinazobaki huenda zikapata wapenzi zaidi, au wanunuzi wa ng'ambo wakahamia kwingine. Takwimu rasmi hazisaidii hapa: zinaeleza vipande vilivyochapwa Berlin na Hamburg, na hakuna daftari la vilivyoishia kuwa bangili. Wauzaji wawili kati ya waliohojiwa wameanza kuzificha rupia zenye rangi. Wa tatu anauza zote, akisema kodi ya pango haisubiri.