Baridi Hutoka Chini: Kuchagua Kigodoro cha Kubeba Mlimani

Ukiwa Ngoliba asubuhi, kabla jua halijachachamaa, mlima unaouona ng'ambo ya mto Athi ni Kilimambogo, mita 2,145. Wageni huuita Ol Donyo Sabuk. Kutoka kileleni, siku ya anga safi, unauona Mlima Kenya na theluji yake. Kijana wa huku akianza kupenda milima, huo ndio mfuatano wake: kwanza huu wa nyumbani, halafu Aberdare, halafu, akishajiamini, Point Lenana ya Mlima Kenya, mita 4,985. Na karibu wote hukosea mahali pamoja. Hutoa pesa nyingi kwa begi la kulalia, kisha hulitandika juu ya kitu chochote kilichokuwa nyumbani.

Nami nilipitia hapo. Usiku wangu wa kwanza Aberdare, juu kidogo ya mita 3,000, nililala kwenye godoro la hewa la aina inayotandikiwa wageni sebuleni. Lilikuwa na unene wa shibiri nzima, nikajiona nimewashinda wenzangu waliolalia sponji za unene wa vidole viwili. Kufikia saa nane usiku kifua kilikuwa na jasho na mgongo umekufa ganzi. Wenzangu wa sponji walikuwa wanakoroma.

Begi la kulalia halina joto lake. Kazi yake ni kushika hewa katikati ya nyuzi au manyoya, na hewa iliyotulia ndiyo inayozuia joto la mwili lisitoroke. Sehemu iliyo chini ya mgongo hukandamizwa na uzito wako mpaka hewa yote inatoka, ikabaki shuka tu. Kwa hiyo upande wa juu unalindwa na begi, na upande wa chini unalindwa na kigodoro peke yake. Godoro langu la sebuleni lilikuwa na hewa tele, lakini hewa isiyotulia. Kila nilipogeuka ilisukumwa huku na huku, ikichukua baridi ya chini na kuileta juu, na joto lingine lilikuwa likiruka moja kwa moja kutoka ngozi ya juu ya godoro hadi ya chini, kama joto la jiko linavyokufikia bila kuligusa. Vigodoro vya hewa vilivyotengenezwa kwa ajili ya baridi huonekana kama lile langu kwa nje, ila ndani vina nyuzi laini zinazoizuia hewa isitembee, au karatasi nyembamba zinazong'aa zinazorudisha joto kwa mwenyewe.

Tofauti hiyo huwezi kuiona dukani kwa macho wala kwa kubonyeza. Ndiyo maana kuna namba ya R. Kigodoro hubanwa kati ya bamba la joto na bamba la baridi, ikapimwa nguvu inayotakiwa ili bamba la joto lisipoe. Namba ikiwa kubwa, joto linapita kidogo. Tangu 2018 kuna kipimo kimoja cha kimataifa, ASTM F3340, ambacho kampuni kubwa zimekubali kukifuata. Kabla ya hapo kila kiwanda kilijipimia na kujisifia kivyake.

Tufanye hesabu ya kukadiria. Ngozi ina nyuzi 33, ardhi ya juu kule Aberdare tuseme nyuzi 8, na eneo la mwili linalogusa chini ni sentimita za mraba 4,000 hivi. Ukilalia kitu chenye R ya 1, ardhi inakunywa karibu wati 57. R ya 2, wati 28. R ya 4, wati 14. Sasa mwili wa mtu mzima aliyelala huzalisha wati 70 hadi 80 tu. Yaani kwenye kigodoro duni, robo tatu ya moto wako wote unakwenda kupasha udongo. Tazama pia kwamba kutoka R ya 1 hadi 2 uliokoa wati 29, ilhali kutoka 2 hadi 4 uliokoa 14. Hatua ya kwanza ndiyo yenye faida kubwa, na ndiyo ya bei nafuu. Wauzaji hawalisemi hilo.

Kwa milima yetu mimi hupanga hivi. Kilimambogo, kando ya mto Athi na popote chini ya mita 2,500, R ya 2 inakutosha na kubaki. Aberdare au kambi ya Old Moses ya Mlima Kenya, ambayo ni mita 3,300, tafuta 3 au zaidi. Kambi ya Shipton juu yake, mita 4,200, ambako maji huganda ndani ya chupa, usishuke chini ya 4, na mwenye damu baridi achukue 5. Ukikutana na kigodoro cha R ya 7, mwachie anayelala juu ya barafu ya Alaska.

Sponji ngumu, ile inayokunjwa kama akodioni au kuviringishwa na kufungwa nje ya begi, ina R ya karibu 2 na uzito wa gramu 400 hivi. Cha hewa chenye nyuzi au karatasi ndani kina kati ya gramu 350 na 600, R ya 3 hadi 5 na zaidi, na kikikunjwa kinalingana na chupa ya maji ya lita moja. Kati ya hivyo viwili kuna kile kinachojijaza chenyewe, chenye sponji laini ndani ya mfuko usiopitisha hewa. Hicho kilibuniwa mwanzoni mwa miaka ya 1970 na wahandisi wa Seattle waliokuwa wamepoteza kazi kwenye kampuni ya ndege ya Boeing. Mmoja wao, Jim Lea, alikuwa akipiga magoti juu ya kipande cha sponji akipalilia bustani, akaona hewa inavyobanwa kutoka kisha inarudi yenyewe, wazo likamjia. Kinalalika vizuri sana, lakini vingi vina uzito unaokaribia kilo moja au kuipita. Kwa mwenye gari ni sawa. Mgongoni hapana.

Ukisoma ushauri wa nje, unaambiwa chukua cha hewa: chepesi, laini, chenye joto. Ushauri huo umeandikwa na watu wasioijua miiba ya mgunga. Nchi ya Ngoliba ni kavu, na mwiba mkavu wa mgunga uliolala kwenye nyasi hauonekani mpaka umeingia. Nilimpelekea fundi wa baiskeli kigodoro changu cha kwanza cha hewa. Alikizamisha ndani ya karai, akakibonyeza kipande baada ya kipande, akanionyesha vijito vitatu vya viputo, kila kimoja chembamba kama ncha ya sindano. Kiraka cha tyubu alichobandika kilibanduka kabla wiki haijaisha, kwa sababu solusheni ya mpira haishiki vizuri kwenye nailoni iliyopakwa plastiki. Inatakiwa gundi ya poliyurethani, na tyubu yake ndogo ibebwe safarini, si kuachwa nyumbani.

Bahati nzuri namba za R hujumlishwa. Sponji ya 2 chini na cha hewa cha 3 juu ni 5 kamili, na sponji hiyo ndiyo inayokula miiba. Cha hewa kikipasuka katikati ya usiku, bado hulali kwenye udongo mtupu. Pamoja havizidi kilo moja. Sijaona mpangilio unaoshinda huo kwa mtu anayetaka kulala bondeni Jumamosi hii na Shipton mwezi ujao kwa vifaa vilevile.

Kuhusu mkeka wa yoga unaouzwa supamaketi za Thika: uache. Ni mzito, mwembamba, na umekazwa mno kiasi kwamba hewa ndani yake ni kidogo. Gikomba kwenye mitumba unaweza kuokota kigodoro kizuri cha kambi kwa bei ya kuchekesha, lakini usilipe kabla ya kukijaza na kukilalia kwa robo saa huku ukizungumza na muuzaji. Kikipungua, umekijua. Kama lebo ya R imefutika, kitandike juu ya saruji alfajiri ya Julai na ukipigie goti lililo wazi kwa dakika kumi. Goti likianza kuuma kwa baridi hapo Thika, mlimani usikipeleke.

Jambo moja huwatisha wageni wa vigodoro vya hewa. Unakijaza jioni, usiku wa manane kimelegea, unadhani ni pancha. Mara nyingi ni hewa tu imepoa. Kutoka nyuzi 20 hadi sufuri hupungua kama asilimia 7. Kiongeze pumzi kidogo kabla hujalala. Mchana fanya kinyume: usikiache kimejaa kwenye jua la Ngoliba, hewa itatanuka na gundi ya ndani itaachia, na hilo halina fundi. Ukiwa na mfuko wa kujazia, utumie badala ya mdomo, kwani unyevu wa pumzi hukaa ndani na kuleta ukungu.

Vile vinavyosifiwa zaidi huuzwa takriban dola 200 Marekani, kabla ya usafiri na ushuru. Ukiwa na pesa ya kitu kimoja tu mwaka huu, nunua sponji ngumu yenye upana wa mabega yako. Cha hewa kitasubiri hadi utakapoamua kwenda Mlima Kenya.