Je, Wajua? Klorini Kisimani Ilitokana na Utafiti
Je, wajua kwamba chemchemi zilipojengewa magharibi mwa Kenya, uchafu wa kinyesi pale chanzoni ulipungua kwa asilimia 66, ilhali kuhara kwa watoto kulipungua kwa takriban robo tu? Sababu mojawapo ni kwamba maji huchafuka tena ndooni na mtungini. Wapo wanaosema wafadhili wachimbe visima, waache kulipia tafiti. Uchungu wao ni wa haki, maana mtoto anayeharisha hangoji takwimu. Lakini watafiti waliopima chemchemi hizo ndio waliojaribu kuweka klorini ya bure pale pale maji yanapochotwa, ili yabaki salama hadi nyumbani. Mwaka 2022 shirika la GiveWell, baada ya kupima ushahidi kuhusu vifo vya watoto, liliidhinisha hadi dola milioni 64.7 kwa huduma hiyo Kenya, Uganda na Malawi.