Nyimbo Ambazo Laiti Ningezitunga Mimi

Muulize mtunzi yeyote wa nyimbo, naye akiwa mkweli atakutajia wimbo mmoja au miwili ya wenzake ambayo angetoa chochote ili jina lake liandikwe juu yake. Si ajabu. Lugha yetu ina maneno mawili kwa hali hiyo: husuda, ambayo humtakia mwenye nacho akikose, na ghera, ambayo humsukuma mtu naye ajitahidi apate. Katika muziki mpaka baina ya mambo hayo ni mwembamba, na wengi wameuvuka bila kujua. Wengine wakijua fika.

Mimi ningeanza na Malaika. Kisa chake ni cha kawaida mno: kijana anapenda, na mali ya kuolea hana. Hamna neno gumu hata moja, na mahadhi yake mtoto wa darasa la kwanza huyashika kwa siku moja. Hapo ndipo ulipo ugumu wake. Wimbo mgumu hutungika. Wimbo mwepesi ambao hauchoshi baada ya miaka sitini ndio unaowashinda watunzi. Fadhili William aliurekodi Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1960, kisha Miriam Makeba, Harry Belafonte, Boney M. na Angélique Kidjo wakautembeza duniani. Umaarufu nao ukazaa ugomvi. Adam Salim, mwanamuziki kutoka Tanganyika, alidai kwamba ndiye aliyeutunga, tena miaka mingi kabla ya hapo. Fadhili alifariki mwaka 2001 na hoja haijakatika. Anayetamani kuwa mtunzi wa Malaika na ajiulize iwapo anautaka wimbo pamoja na kesi yake.

Wa pili ni wimbo wetu wa taifa. Usinicheke, msomaji. Usikilize kana kwamba hujapata kuusikia: hauna majigambo ya tarumbeta, na mahadhi yake yana kiasi cha huzuni, mithili ya mtu anayeomba badala ya kuamrisha. Mwaka 1963 kazi hiyo ilikabidhiwa watu watano: Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi. Hawakuketi wakabuni mahadhi mapya. Waliyachukua ya wimbo wa kubembelezea watoto wa Wapokomo, watu wa Mto Tana, wakayavika maneno ya taifa zima. Majina ya hao watano yamo vitabuni. La mama aliyetangulia kuuimba, mtoto akiwa begani, halimo. Hata hivyo asili ya wimbo haikufichwa, na ndiyo maana hadi leo kila mwanafunzi aweza kufundishwa kwamba umetoka kwa Wapokomo.

Mambo haya hayako mbali nasi hapa Gataka. Tunakaa katika Kaunti ya Kajiado, kwenye ardhi iliyoimbiwa na Wamaasai kabla ya wengi wetu kuhamia na kujenga. Tamasha la Muziki la Kenya, ambalo lilianza mwaka 1927, linapokaribia, mwalimu wa kwaya hutafuta wimbo wa kienyeji, na wimbo wa Kimaasai humvutia upesi. Ana haki ya kuvutwa. Olaranyani, yaani kiongozi wa wimbo, huanzisha. Wenzake humpokea kwa mingurumo ya kooni, mmoja ukilalia mwingine. Ngoma hakuna: pumzi ndizo ngoma. Ni nani asiyetamani kuwa ameutunga?

Basi mwalimu huuandika kwa nota, huupanga kwa sauti nne, na juu ya karatasi, palipoandikwa "mtunzi", hutia jina lake.

Kupanga sauti nne ni kazi halali, tena ya jasho, na aifanyaye ana jina lake: mpangaji. Kujiita mtunzi ni jambo jingine. Atakayesema kwamba hapana aliyedhurika na amkumbuke Solomon Linda wa Afrika Kusini, aliyerekodi Mbube mwaka 1939. Wimbo huo ulipita mikononi mwa wengine, ukabadilishwa jina, ukawatajirisha. Mwenyewe alikufa maskini mwaka 1962, na binti zake hawakufikia maelewano juu ya haki yake hadi mwaka 2006. Kwa upande wetu, Kenya imekuwa na Sheria ya Kulinda Maarifa ya Jadi na Maonyesho ya Kitamaduni tangu mwaka 2016, nayo inataka asili ya kazi za namna hii itambuliwe. Lakini sheria hukaa Nairobi, ilhali mwenye kalamu darasani ni mwalimu.

Ningependa mwanafunzi wa Gataka atumwe kwa bibi au babu, awe Mmaasai, Mkikuyu, Mkamba au Mluo, asikilize wimbo, aulize huimbwa lini na nani alimfundisha huyo mzee. Akirudi, juu ya karatasi aandike wimbo ni wa watu gani, umesikika kwa nani na wapi, na nani ameupanga. Hiyo ni mistari mitatu tu, na karatasi ya nota ina nafasi ya kuitosha kabla ya sauti ya kwanza kuanza.